Mvua ya Kwanza

Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvua moja si dalili ya mvua ya pili. Katika nchi ya Masasi na Newala mvua huanza Novemba au Desemba. Hunyesha siku moja kwa nguvu, kisha pengine jua huwaka majuma mawili. Mwenye pupa hupanda mbegu zake zote siku ile ya kwanza. Huota, kisha hukauka. Maana juu ya uwanda wa Makonde udongo ni mchanga, nao hunywa maji upesi. Mwenye busara hupanda nusu, na nusu huitundika juu ya meko, moshi uilinde na wadudu. Jirani humwita mwoga. Huo si woga. Mbegu iliyokwisha kupandwa hairudi kikapuni.