Figo Haziuzi Sura

Nianze kwa kukiri, asije mtu akanirukia baadaye: vidonge vile nilivinunua mimi. Nilivinunua Iringa mjini, katika duka la dawa ambalo sitalitaja, kwa hela ya soda, na chenji ikabaki. Muuzaji hakuniuliza cheti cha daktari. Hakuniuliza mgonjwa ni nani wala kama ni mtu au ng'ombe. Alifunga karatasi, akanitakia safari njema, nami nikapanda basi la kurudi Idodi nikiwa na Lasix mfukoni, jina ambalo mabinti siku hizi wanalitamka kama la pafyumu.

Aliyenituma ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Sendofu yake ilikuwa Jumamosi, na uso ulikuwa umemjaa, hasa asubuhi, macho yamebaki madogo kama ya mtu aliyelia usiku kucha. "Kaka, niletee vile vya kukausha maji," aliniambia, "nisije nikatoka kwenye picha kama andazi." Nilicheka. Mimi mwenye Kidato cha Nne na miswada miwili ya riwaya chini ya kitanda, nilicheka nikaenda.

Hivi, vijana wenzangu, nani alituroga? Bibi zetu wakikuona uso umejaa walisema umenawiri, na aliyebonyea mashavu waliulizana kimyakimya anaumwa nini. Leo neno hilo limekuwa tusi. Mwambie binti wa mjini "umenawiri" uone kama atakusalimia tena! Sasa kila mtu anataka mfupa wa shavu uonekane, anataka "kuuza sura".

Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tusijifiche nyuma ya kalamu. Pitieni miswada yenu. Mpenzi wa mhusika mkuu ana uso mwembamba uliochongoka. Mwenye mashavu ni mama ntilie wa kuchekesha au mke mwenza mwenye roho mbaya. Mimi nimeandika hivyo hivyo, ukurasa wa pili tu wa mswada wa kwanza, na binamu yangu alikuwa msomaji wangu wa kwanza.

Tuje kwenye figo, maana hapo ndipo watu wanapojifanya hawasikii. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za maji kwa siku, na karibu zote hurudishwa kwenye damu. Unachokojoa ni masalia, lita moja na nusu au mbili. Dawa hii, ambayo jina lake la kitabibu ni furosemide, huziba mlango ambao chumvi hupitia kurudi. Chumvi ikikosa njia inatoka na mkojo, maji yanaifuata, na katika msafara huo huo inatoka potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio. Kwa mzee ambaye moyo wake umechoka, miguu imejaa maji na hawezi kulala chali, dawa hii ni mkombozi, tena daktari humpima damu yake mara kwa mara. Kwa binti wa miaka 22 anayejiandaa kupigwa picha ni wizi wa saa sita, maana kazi yake huisha hapo. Akishaizoea kisha akaiacha, mwili hushikilia chumvi na maji kwa pupa, uso unarudi umevimba kuliko mwanzo, naye anameza tena. Biashara ndiyo hiyo.

Tusijidanganye kwamba ni ushamba wa Idodi peke yetu. Mwaka 2003, katika Kombe la Dunia la kriketi, lile ambalo Kenya walifika nusu fainali, bingwa wa Australia Shane Warne alirudishwa nyumbani kabla hajacheza hata mechi moja kwa sababu ya kidonge cha kukojoza maji. Alijitetea kwamba alipewa na mama yake ili aonekane vizuri. Akafungiwa mwaka mzima. Michezoni dawa hizi ni marufuku, maana zinapunguza uzito haraka na kuficha dawa nyingine kwenye mkojo.

Binamu yangu alimeza viwili Alhamisi, na viwili Ijumaa alfajiri. Idodi si Mafinga. Huku bondeni jua la mchana linakunywa maji yako bila kuomba. Saa nne akaanza kulalamika vigimbi vinakaza. Saa sita akaanguka bombani, ndoo ikamwagikia. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nimemshika kwa nyuma, midomo yake mikavu kama gamba.

Muuguzi alimtazama usoni muda mrefu kabla ya kuuliza. "Mwanangu, huu uso ulianza kuvimba lini? Na unapaka nini?" Hapo ndipo lilipotoka ambalo hata shangazi hakulijua: mkorogo, miezi saba, kopo lisilo na lebo. Mkojo ulikuwa na povu. Walipoupima wakakuta protini nyingi, wakamwandikia rufaa ya mjini.

Hakuna aliyempima zebaki, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 waliovimba kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Zaidi ya nusu walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 1972! Wengi wetu hata wazazi wetu walikuwa hawajaoana.

Kwa hiyo uso ule haukuwa umenenepa. Ulikuwa unatoa taarifa kwamba kuna figo zinaungua. Wazee walisema mjumbe hauawi. Sisi tulimnywesha vidonge vinne ili anyamaze, apendeze kwenye albamu.

Najua wapo watakaosema mwili ni wake, tuwaache mabinti na urembo wao. Sawa, mwili ni wake. Lakini kopo lisilo na lebo si lake, duka lisilouliza cheti si lake, na sentensi yangu ya ukurasa wa pili si yake. Wote tulichangia, ila aliyelazwa ni yeye.

Sendofu iliahirishwa. Aliacha mkorogo, akafuata kliniki, na baada ya miezi kadhaa uvimbe ulipungua bila Lasix ya kuokoteza. Mwezi uliopita nilirudi kwenye lile duka, nimejaa hasira na hotuba niliyoipanga ndani ya basi. Nilimwambia muuzaji yote, mbele ya wateja wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kaunta kwa kitambaa.

"Sasa wewe mdogo wangu," akasema, "mbona ulivinunua?"

Nikatoka nje.