Ukitaka reli yako, hesabu mataruma kwanza

JUMAPILI moja mpwa wangu, mwanafunzi wa biashara katika chuo kimoja hapa jijini, alitutembelea nyumbani. Hata kabla ya chai kumiminwa, alitangaza kwamba alikuwa amepata biashara ya maisha yake.

"Mjomba," akaniambia, "kumbe huko Marekani mtu binafsi anaweza kununua reli akaimiliki! Nikifika huko nitasoma, nitafanya kazi, nitaweka akiba, kisha nami ninunue yangu."

Sote tulicheka, isipokuwa wawili. Wa kwanza alikuwa dada yangu, mama ya kijana, ambaye alikuwa ameshaombwa auze ploti yake ya Ruai ili kupata nauli na karo ya safari hiyo. Wa pili alikuwa baba yangu, aliyelitumikia shirika la reli kwa miaka mingi akiwa nyapara wa genge la kutengeneza njia. Mzee aliweka kikombe chini akauliza swali moja tu:

"Na mataruma utayanunua kwa pesa za nani?"

Msomaji, swali hilo lilinifanya nizame katika vitabu na magazeti, kwani hata mimi sikuwa na jibu. Niliyoyapata yatamfaa yeyote anayeota kumiliki biashara, iwe ni reli, matatu au kinu cha kusaga unga.

Kwanza tumtendee haki kijana. Hakudanganya. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iitwayo Staggers, iliyozipunguzia kampuni za reli za Marekani minyororo ya serikali. Kampuni kubwa zikapata urahisi wa kuachana na matawi yasiyozilipa. Badala ya kung'oa vyuma, nyingi ziliyauza au kuyakodisha kwa wafanyabiashara wadogo. Leo reli ndogo za namna hiyo ni karibu 600, nazo huhudumia zaidi ya kilomita 70,000 za njia. Huzoa nafaka, mbao, mbolea, chumvi na mawe kutoka mashambani na viwandani, kisha hukabidhi mabehewa kwa kampuni kubwa.

Lakini hebu jiulize: tajiri akikuuzia ng'ombe wake, je, ni yule atoaye maziwa mengi? Tawi liliuzwa kwa sababu mizigo ilikuwa imepungua na matengenezo yalikuwa yameahirishwa miaka nenda miaka rudi. Mnunuzi hupokea reli pamoja na magonjwa yake.

Hapo ndipo swali la mzee linapoingia. Kila maili moja ya reli ya Marekani hulaliwa na mataruma yapatayo 3,000, mengi yakiwa ya mbao. Chukua reli fupi ya maili 14, yaani kama kilomita 22. Hiyo ina mataruma kiasi cha 42,000. Tuseme kila taruma hudumu miaka 30. Basi kila mwaka huna budi kubadilisha 1,400, na hapo hujasonga mbele hata hatua moja. Umezuia tu njia isioze. Bado hujagusa kokoto, madaraja, wala injini ambayo aghalabu ni kuukuu iliyonunuliwa kwa mwingine.

Ukikwepa gharama hiyo, njia haikufi mara moja. Hukufa polepole. Reli ikiwa katika daraja la chini la usalama, treni ya mizigo hairuhusiwi kupita kilomita 16 kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye baiskeli anaushinda. Tena mabehewa ya kisasa yakijazwa hufikia tani 130, ilhali matawi mengi yalijengwa kwa mabehewa mepesi zaidi. Asiyeweza kuimarisha vyuma na madaraja yake humlazimu mteja kupakia pungufu, na mteja huyo hukumbuka kwamba malori yapo.

Mzigo huu ni mzito hata kwa Wamarekani. Mwaka 2004 serikali yao ilipitisha nafuu ya kodi kwa wanaotengeneza reli ndogo, na mwezi Desemba 2020 nafuu hiyo ikafanywa ya kudumu.

Sheria nayo haimwachi mwenye reli apumue. Mteja akiomba huduma kwa utaratibu unaofaa, huwezi kumkatalia kwa kuwa hupendi mzigo wake. Biashara ikikushinda, huwezi kufunga tu kufuli ukaenda zako. Ni lazima uombe ruhusa ya bodi ya serikali kuu. Njia hukaguliwa mara kwa mara. Na mfanyakazi akiumia, sheria ya tangu mwaka 1908 humpa haki ya kumshtaki mwajiri wake kortini iwapo kulikuwa na uzembe. Ajali moja yaweza kumeza faida ya miaka kadhaa.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote haipo kwenye njia. Ipo mwisho wa njia, kwa mteja.

Katika jimbo la New York kuna mahali paitwapo Retsof, jina la bwana Foster likiandikwa kinyumenyume. Hapo palikuwa na mgodi mkubwa wa chumvi. Mwaka 1899 Edward Fuller aliinunua reli ndogo iliyokuwa imefilisika, akaiita Genesee and Wyoming. Ilikuwa na urefu wa maili 14 hivi, na kwa miaka karibu 80 riziki yake ilitegemea chumvi ile. Ndivyo ilivyo hata kwetu: reli ya kutoka Konza hadi Magadi ilijengwa kwa ajili ya magadi, na bila magadi haina kazi ya maana.

Mwaka 1977 kitukuu wa Fuller, Mortimer Fuller, alishika usukani. Hakuridhika na mgodi mmoja. Polepole kampuni ilianza kutafuta reli nyingine na wateja wengine; mwaka 1988, kwa mfano, ilianzisha ile ya Buffalo na Pittsburgh.

Kisha ikafika alfajiri ya Machi 12, 1994. Dari ya sehemu moja ya mgodi wa Retsof iliporomoka, maji yakaanza kumiminika ndani, na mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Kama kampuni ingalikuwa bado na maili zake 14 na mteja wake mmoja, habari yake ingaliishia hapo. Badala yake, mwaka 1996 iliuza hisa kwa umma, na mwaka 2019 wawekezaji waliinunua kwa thamani ya kama dola bilioni 8.4 pamoja na madeni yake, ikiwa na reli ndogo zaidi ya 100.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Anayemwona tajiri wa reli huona injini na honi. Haoni miaka ya kubadilisha mataruma yasiyompendeza mtu yeyote, wala safari za kubisha hodi kwenye viwanda kuomba mzigo wa behewa moja.

Majuzi nilimsimulia mpwa wangu haya yote, babu yake akisikiliza. Nilitarajia kijana avunjike moyo. Badala yake alitoa kalamu na karatasi. Hakuuliza tena injini ni bei gani. Aliuliza, "Babu, taruma lililooza mlikuwa mkilitambuaje?"

Mzee alisogeza kiti karibu, na wawili hao walikaa hadi giza likaingia.

Ploti ya Ruai haijauzwa. Dada yangu amesema ataingojea ile karatasi ya hesabu kwanza. Nawe mzazi, mtoto akikujia na ndoto kubwa, usimcheke. Muulize tu mataruma yake ni yapi, atayanunua kwa nini, na mteja wake wa pili ni nani.