Kibaya Chajitembeza: Matangazo ya Dawa na ya Shule Mjini Nakuru

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wana usemi wao: biashara ni matangazo. Semi hizi mbili zinapingana, na anayetaka kushuhudia mgogoro wake hana haja ya kwenda mbali. Na atembee mjini Nakuru, kutoka kituo cha matatu hadi barabara ya kuelekea Njoro, kiliko Chuo Kikuu cha Egerton. Kwenye nguzo za umeme na kuta za maduka atakutana na karatasi za aina mbili zilizobandikwa bega kwa bega. Ya kwanza ni ya "daktari" aliyetoka mbali, anayetibu kisukari, shinikizo la damu na utasa, na ambaye pia humrejesha mpenzi aliyetoroka na kumwezesha mwanafunzi kufaulu mtihani. Ya pili ni ya shule au chuo cha kibinafsi: walimu waliohitimu, mazingira tulivu, kompyuta, ada nafuu na kazi ya hakika baada ya masomo.

Wapita njia wengi huicheka karatasi ya kwanza na kuiheshimu ya pili. Hata hivyo, karatasi hizi ni ndugu wa toka nitoke, na historia yathibitisha hivyo.

Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala kati ya mwaka wa 1837 na 1901, ilifurika matangazo ya namna hii. Thomas Holloway alianza kuitangaza marhamu yake mwaka huohuo wa 1837, kisha akaongeza vidonge. Alidai kwamba vilitibu maradhi chungu nzima, ilhali viungo vyake vilikuwa vya kawaida, shubiri ikiwa miongoni mwavyo. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa akitumia takriban pauni 50,000 kila mwaka kwa matangazo pekee. Alipofariki mwaka wa 1883 alikuwa tajiri wa kupigiwa mfano. Fedha za vidonge hivyo ndizo zilizojenga chuo cha wanawake huko Egham, ambacho Malkia mwenyewe alikifungua mwaka wa 1886.

Shule nazo hazikuachwa nyuma. Magazeti ya London yalichapisha matangazo ya shule za bweni za Yorkshire, ambazo zilijinadi kwa ada nafuu na kwa sifa moja ya ajabu: hazikuwa na likizo. Mzazi mwenye haraka aliiona sifa hiyo kuwa wema. Kumbe baadhi ya watoto walilala njaa na kuugua bila kutazamwa. Mwaka wa 1823 mwalimu mmoja, William Shaw, alishtakiwa mahakamani kuhusiana na wavulana waliopofuka wakiwa shuleni mwake. Charles Dickens alizizuru shule hizo mwaka wa 1838 na kuzianika katika riwaya yake ya Nicholas Nickleby.

Ni kipi basi kinachoyaunganisha matangazo ya dawa na ya shule? Kwanza, yote humlenga mtu mwenye hofu. Mgonjwa aliyechoka na mzazi anayewazia kesho ya mwanawe ni wafa maji, na mfa maji haachi kutapatapa. Pili, bidhaa yenyewe haiwezi kuonjwa kabla ya kulipiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, matangazo yote mawili huwaonyesha waliofaulu na kuwaficha waliosalia. Tangazo la dawa humtaja aliyepona, halimtaji aliyezikwa. Katika enzi ya mtihani wa KCPE, uliodumu tangu mwaka wa 1985 hadi 2023, shule nyingi zilibandika picha za watahiniwa waliozoa zaidi ya alama 400 kati ya 500. Ni nadra tangazo lililosema ni wangapi walioufanya mtihani, na ni wangapi waliolazimishwa kurudia darasa ili wasiiharibu wastani.

Huenda mtu akasema kwamba wanaodanganyika ni wajinga, nao wamejitakia. Hoja hiyo haina mashiko. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka wa 2003, madarasa ya shule za umma yalifurika, na mzazi aliyekimbilia shule ya kibinafsi alikuwa na sababu. Wala si kila shule ya kibinafsi ni ya ulaghai, wala si kila mti shamba ni uongo. Kwinini yenyewe ilitokana na gome la mti. Kosa si kutangaza. Kosa ni kuahidi kisichoweza kuthibitishwa.

Sheria zipo. Sura ya 244 ya Sheria za Kenya inasimamia dawa na sumu, na Sheria ya mwaka wa 2013 kuhusu mafunzo ya kiufundi inavitaka vyuo visajiliwe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazozihitaji na kinataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na yenye staha. Tatizo ni kwamba sheria hunena kwa Kiingereza, nayo karatasi ya nguzoni hunena kwa Kiswahili. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha au mkulima wa viazi Molo huufikia uongo kwa lugha anayoielewa, na ukweli humfikia, ukimfikia, kwa lugha ya ofisi.

Hapa ndipo wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili unapojitokeza. Katika isimujamii, mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa sajili ya matangazo ya biashara: chuku, takriri, sentensi fupi na lugha ya kushawishi. Huziorodhesha sifa hizo, akapata alama zake, akaondoka. Haulizwi kama tangazo ni la kweli, wala kilichonyamaziwa ndani yake ni kipi. Yafaa aulizwe. Fauka ya hayo, orodha za vyuo na dawa zilizosajiliwa zapaswa kutolewa kwa Kiswahili sanifu na kubandikwa katika ofisi za machifu na zahanati, na kila tangazo la shule litaje idadi kamili ya watahiniwa. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo ya tafsiri.

Uingereza nayo haikuponywa na kicheko. Mwaka wa 1909 chama cha madaktari kilichapisha kitabu kilichofichua viungo vya dawa za siri na gharama yake halisi, na sheria ya mwaka wa 1941 ikataka viungo vitajwe waziwazi. Ukweli uliandikwa katika lugha ya mnunuzi. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka wa 2021, inastahili vivyo hivyo. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga; lakini ukweli usioeleweka haudhihiri.