Nyarugusu Haihitaji Mwangwi

Makamanda, andika "Nyarugusu" kwenye simu yako utafute. Kwa sehemu kubwa utaletewa kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, Kigoma. Nyarugusu yetu ya Geita, ya maduara, makarasha na mialo, unaitafuta kwa tochi. Wengine wanaona hilo ni tatizo, mimi naona ni nafasi kwa kijana mwenye simu na bando.

Tusidanganyane. Wengi wetu tunachokiita "kazi ya mtandaoni" ni kurusha klipu za viongozi wa kitaifa. Klipu hiyo mtu wa huku ameshaiona kabla hujaamka. Hatakufuata kwa kumrudishia alichokwishasikia. Atakufuata ukimpa asichokipata kwingine: bei elekezi ya Tume ya Madini leo ni ngapi na broka anamlipa ngapi; mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, vilivyowekwa na sheria ya 2017, vinamgusa vipi mwenye gramu 2; mkutano wa kijiji umesomewa mapato na matumizi au umeahirishwa tena.

Issa Michuzi alifungua blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki. Alikuwa mpiga picha wa Daily News, gazeti la serikali, kwa hiyo simleti hapa kama mpinzani. Ninachotaka tujifunze ni kwamba watu walirudi kwake kila siku kwa sababu waliwakuta watu wanaowajua: harusi, misiba, sura za nyumbani. Wasomaji walikuja kwa mazoea. Kura nazo huja hivyo hivyo, kwa kuaminiana kwanza.

Sasa, hatari ipo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka hata wenye blogu kulipia leseni, na gharama ya kuanza ilizidi shilingi milioni 2. Juni mwaka huo JamiiForums ililazimika kusimama kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini mlango bado una bawabu, kwa hiyo soma kanuni zilizopo kabla hujaanza kutoa habari. Mei 2025 X ikafungiwa. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, wakati ambao watu walihitaji zaidi kujua ndugu zao wako wapi.

Somo langu ni hili: hadhira iliyo kwenye mtandao mmoja tu si yako, umeazimwa. Wanaokufuata wajue pia namba yako, sura yako na kijiwe unachokaa. Sauti ya dakika 2 inasafiri kwa WhatsApp, inasafiri kwa Bluetooth, inawekwa kwenye memori pale kwenye kibanda cha kurusha nyimbo, na mchimbaji anaisikiliza akisubiri zamu. Gulio halizimwi kwa swichi.

Kuna sharti moja gumu, na najua baadhi yenu halitawapendeza. Usirushe kitu hujakithibitisha, hata kama kinaiumiza CCM. Duara likititia, ukitaja idadi ya waliofukiwa kwa kubahatisha, kuna mama anayepiga yowe kwa taarifa yako. Na kiongozi wetu wa kata akitafuna michango, sema vilevile. Ukinyamaza, siku utakapomsema diwani wa chama tawala watakuona mpiga debe tu.

Wafuasi 200 wa Nyarugusu wanaokuamini ni mtaji kuliko 20,000 wa kununua wasiojua Geita iko upande gani. Chagua jambo moja: bei, maji, barabara au usalama wa maduara. Lifuatilie kila wiki, siku ile ile, bila kukosa. Utaanza na wasikilizaji 9, na watatu kati yao ni shemeji zako. Anza nao hao hao.