Mgonjwa Naye Ana Haki Mbele ya Mashine



Tukisimama hapa Kiriri tunauona mji wote wa Bujumbura chini yetu, pamoja na viwanda vyake, na Ziwa Tanganyika likinyoosha mpaka milima ya Kongo. Kila mmoja wetu anajua mashine inayokata kidole. Twaiogopa kwa kuwa damu yaonekana. Leo twataka kusema juu ya mashine isiyotoa damu: skana ya moyo.

Mwenzetu mmoja wa kiwandani alishikwa na maumivu ya kifua, akapigwa skana. Miezi michache baadaye akapelekwa kwa daktari mwingine. Picha za kwanza hazikupatikana, akapigwa tena. Alichojua ni kwamba amelipa mara mbili. Hakuna aliyemweleza kwamba mwili wake pia ulipokea mionzi mara mbili.

Hatuipingi skana, la hasha. Inamwonyesha daktari mishipa ya moyo iliyoziba bila kuingiza mpira mwilini. Sehemu ya hesabu zake ilianzia Afrika: Allan Cormack alilianza swali hilo mwaka 1956 katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na mwaka 1979 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Lakini skana hutumia mionzi ya eksirei, na mionzi huongeza kidogo hatari ya saratani, hasa kwa vijana.

Tupime kwa hesabu. Kwa wastani, kila binadamu hupokea milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2007 katika hospitali za nchi mbalimbali ulionyesha kuwa skana moja ya moyo ilitoa kiasi cha milisiveti 12, yaani mionzi ya miaka mitano kwa siku moja. Mwaka 2017 uchunguzi kama huo katika nchi 32 ulikuta kiasi hicho kimeshuka hadi karibu 2.7. Hata hivyo, tofauti kati ya hospitali na hospitali ilikuwa bado kubwa mno.

Punguzo hilo lilipatikanaje? Mashine mpya zilisaidia, lakini mengi ni kazi ya mikono na akili ya fundi. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kisha mashine hupiga picha wakati ule tu moyo unapotulia, badala ya kuwaka mfululizo. Mtu mwembamba hapigwi kwa kilovolti 120 kama mnene. 100 humtosha, au hata 80. Na hupigwa moyo peke yake, si kifua chote.

Sasa tazameni jambo hili. Mfanyakazi wa chumba cha mionzi ametungiwa Mkataba nambari 115 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1960. Kipimo kinachopendekezwa kwake hakizidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mgonjwa hakuwekewa kikomo, kwa sababu daktari anaweza kuhitaji picha ili kuokoa maisha. Basi ngao zake ni mbili tu: picha ipigwe pale inapohitajika kweli, na kwa mionzi michache iwezekanavyo. Ngao hizo zikikosa mtu wa kuzishika, hazimkingi mtu.

Kwa hiyo twasema, vyama vyetu viyapeleke madai haya kwa waajiri na kwa mifuko ya matibabu. Kwanza, mgonjwa apewe picha zake mkononi, ili asipigwe tena bure. Pili, kiasi cha mionzi kiandikwe katika karatasi yake. Mashine yenyewe hukionyesha kila mara. Tatu, mafundi wapewe mafunzo, kwani mashine ya bei kubwa mikononi mwa mtu asiyefundishwa ni hasara kwetu sote.

Na wewe ndugu wa kiwandani, na wewe wa shamba la chai, ukiandikiwa skana usiikimbie. Moyo hausubiri. Ila uliza: picha hii ni ya lazima? Niliyopigwa zamani haitoshi? Kuuliza si utovu wa adabu. Kiwandani tulijifunza kuuliza kinga ya mashine iko wapi kabla ya kuiwasha. Tuulize vivyo hivyo hospitalini.