Gobori Hujaribiwa Kabla ya Msimu

Tangu mwaka 1974, jimbo la Pennsylvania, Marekani, limekuwa na msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume, yaani gobori ziwashwazo kwa cheche za jiwe. Msimu huo huanza baada ya Krismasi.

Mwenye gobori hupiga mara moja tu, kwani kushindilia upya huchukua muda. Akikosea, mnyama aliyejeruhiwa hukimbia akafia msituni bila faida. Kwa hiyo mwindaji mwenye busara huijaribu bunduki yake mapema. Huweka shabaha hatua 25, huegemeza kasiba juu ya mfuko wa mchanga, kisha hutia baruti kwa kipimo kile kile. Risasi iliyovikwa kitambaa chenye mafuta huishindilia kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti. Nafasi ikibaki kati yao, kasiba yaweza kupasuka. Kila akipiga, hufuta masizi.

Hupiga mara tatu kabla ya kugusa alama za kulengea. Risasi zikikusanyika upande wa kushoto, alama ya nyuma husogezwa kulia. Zikitawanyika, alama zisilaumiwe: ushindiliaji ndio wenye kosa, na ndio wa kutengenezwa kwanza.