Trekta Yako Yalala Wapi Wakati wa Mvua?



Kazi ya kulima na kupanda ikiisha, trekta husimama. Mvua za masika hazijakauka vizuri, mara baridi na ukungu wa Juni, Julai na Agosti huingia. Katika miezi hiyo, hasa huku Nyandarua kwenye baridi nyingi, utaona trekta nyingi zalala nje penye majani, zimefungwa karatasi ya nailoni kwa kamba mpaka chini. Mwenyewe hupita akatazama, roho yake ikatulia. Mimi nasema utulivu huo ni wa bure. Trekta hiyo haikuhifadhiwa. Imefichwa tu, na kutu yaila gizani.

Fikiri jambo hili. Ukifunika sufuria yenye chakula cha moto, mfuniko hujaa matone upande wa ndani. Ndivyo ilivyo chini ya karatasi ile. Mchana jua hupasha moto, na unyevu wa udongo na wa tope lililoganda hupanda kama mvuke. Usiku chuma hupoa, na mvuke hugeuka maji juu yake. Maji hayo hayana pa kutokea. Kwa hiyo trekta hulowa hata usiku usio na mvua.

Je, tuiache wazi? La. Mvua itaingia katika bomba la moshi, na jua litapasua mpira wa magurudumu. Trekta yataka paa juu na hewa pembeni. Banda la nguzo za mikaratusi na mabati latosha. Acha pande mbili wazi, ziba upande unaopigwa na mvua ya upepo, na mwaga kokoto chini ili unyevu wa ardhi usipande. Usiweke nyasi kavu wala magunia ya nafaka humo, kwani panya watakuja kula nafaka, kisha watakula nyaya. Kuku nao wasilale juu ya trekta, maana mavi yao huharibu rangi.

Najua wengine watasema, “Fedha za banda afadhali zinunue mbolea.” Neno hilo lina haki yake, kwa sababu fedha za mkulima ni chache. Lakini mbolea ni ya msimu mmoja, na trekta ni ya miaka mingi. Tena wengi wameinunua kwa mkopo. Trekta ikifa, deni halifi nayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kama mwaka huu huwezi kujenga, simamisha miti, weka mwamba juu, kisha tandika turubai kama paa la hema. Lisiguse chuma, na ncha zake zisifike chini, ili upepo upite.

Lakini hata banda zuri halisaidii trekta chafu. Kabla ya kuilaza, fanya hivi:

Osha tope na mbolea yote, kwani chumvi ya mbolea hula chuma upesi. Iache ikauke kabisa.

Badilisha oili ya injini. Oili iliyotumika ina asidi inayodhuru vyuma vya ndani.

Jaza tangi la dizeli. Tangi tupu hushika umande ndani, na maji katika dizeli huharibu pampu.

Fungua betri, anza na waya wa hasi, uiweke mahali pakavu. Ichajiwe kila mwezi, kwa maana betri ikikaa bila moto hufa.

Inua trekta kwa jeki, uiweke juu ya magogo imara, ili magurudumu yasibebe uzito.

Paka grisi kwenye plau, hasa mahali palipong’aa kwa kulima.

Funika mdomo wa bomba la moshi kwa kopo, na funga kitambaa chekundu kwenye usukani kikukumbushe kuliondoa kabla ya kuwasha.

Mwisho, nasema na ninyi mnaomiliki trekta kwa kikundi. Mara nyingi trekta ya watu kumi hulala vibaya kuliko ya mtu mmoja, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake ameitazama. Katika mkutano wenu ujao, chagueni mtu mmoja wa kuitunza, mkaandike jina lake katika kitabu cha kikundi, na mkubaliane mchango wa banda. Msingoje mpaka trekta ikatae kuwaka asubuhi ya kwanza ya kulima, huku majirani wanapanda na mvua inapita.

Leo jioni nenda ukainue karatasi ile. Pitisha mkono juu ya chuma. Ukilowa, umekwisha kupata jibu.